Redio Haijasema Bado

Vijana wangu wa redio, mliniomba niwaachie ujumbe wa sauti kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, dakika mbili tatu, nieleze nilivyofanya kazi. Dakika mbili tatu! Mtu aliyesoma matangazo ya vifo tangu enzi za kaseti hawezi kukamuliwa kwa dakika mbili. Nimeamua kuandika. Atakayechoka na aruke mistari, kama mnavyoziruka sauti zangu ndefu mkidhani sijui.

Ukweli ni kwamba situlii. Tangu niliporudisha funguo za studio, kila alfajiri mkono wangu unaingia wenyewe chini ya mto kutafuta simu. Nani kafa? Nani anaugua? Kuna kikundi cha familia, cha kanisa, cha wanawake wa mtaa, cha wajane, na kimoja cha majirani wa mtaa wetu wa Dilala ambao karibu wote walishahama Dilala. Nikimaliza kuvisoma vyote narudi cha kwanza, kwa maana kimeshajaa upya. Binti yangu ananiambia nipumzike. Nipumzikie wapi? Mwili umestaafu, masikio bado yako zamu.

Nilipoanza, redio yetu ilikuwa vyumba viwili ndani ya nyumba ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi, huku Dilala. Ukutani tulitundika mablanketi ili sauti isirudi, na kipaza sauti tulikivisha soksi ya mtoto. Jenereta lilikaa uani, na mvua ikinyesha tulilifunika kwa beseni na kuomba Mungu. Waliniajiri kwa sababu nilijua Kifaransa, Kiswahili na Kiluba cha wazazi wangu waliotoka Kasai. Mimi nilidhani nitapiga muziki na kusalimia watu siku zao za kuzaliwa. Wakanipa vifo.

Aliyenifundisha ni Tata Ilunga, mzee mfupi mwenye suti moja, aliyesoma komunike (ndivyo tuyaitavyo matangazo ya familia) kwa sauti iliyofanya hata waendesha baiskeli wasimame. Siku yangu ya kwanza alinipa karatasi nikaisoma kwa mbio, jina la marehemu kwanza, nikijiona hodari. Akazima mashine.

"Mama Odette, weye unauwa batu," akaniambia.

"Nimefanya nini, tata?"

"Jina ni ya mwisho. Kwanza familia, njo fasi, njo jina. Muntu mwenye ataanguka, umupe wakati ya kuikala."

Hilo lilikuwa somo la kwanza: familia, mahali, ndipo jina, ili atakayeanguka apate wakati wa kukaa. Somo la pili lilikuwa la miguu. Tata Ilunga hakusoma kifo cha mtu yeyote mpaka mmoja wa familia aje mwenyewe mlangoni na aseme kwa mdomo wake kwamba ameona. Si ameambiwa, ameona. Akishasema, mzee humtazama kwanza viatu, halafu macho, ndipo anapokea karatasi. Nilimuuliza viatu vinamwambia nini. Akanijibu kwamba havimwambii kitu, ila mtu anayetazamwa viatu hupata nafasi ya kufikiri kama ana hakika. Mara mbili nilishuhudia watu wakigeuka wakarudi walikotoka.

Basi nikasoma. Nilisoma miaka hadi watu wakaacha kuniita kwa jina langu. Sokoni nilikuwa Mama Komunike. Nikipita mbele ya duka, watu hupunguza kicheko, kama vile ninabeba vifo ndani ya mkoba. Nilichoka na heshima ile. Hakuna mtu aliyewahi kunialika kwenye arusi bila kwanza kuniambia, kwa utani lakini si utani, nisisimame kusema chochote.

Kisha simu zikaja. Za kwanza zilikuwa nzito na hazikupata mawasiliano ila juu ya kichuguu kikubwa nyuma ya soko, na jioni ungeona watu wazima wamepanga foleni kukipanda, wenye suti na wenye kandambili, kila mmoja akipiga kelele kumsalimia shangazi yake. Baadaye minara ikasimama, kichuguu kikabaki kwa mbuzi. Halafu zikaingia hizi za kioo, na hapo ndipo mji ulipobadilika tabia. Wachimbaji waliotoka pande zote za nchi, ambao jana walikuwa wanauliza bei kwa mnunuzi na kuambiwa chochote, leo wanatoka shimoni wakiwa wekundu kama udongo na wanakuonyesha kwenye kioo bei ya kobalti ilivyoamka. Wachungaji wanaombea watu kwa jumbe za sauti alfajiri. Ndoa zinayumba kwa sababu alama mbili zimegeuka bluu na jibu halikuja. Binamu yangu aliposwa, wajomba wa Kasai walihudhuria kwa video. Picha ikaganda mjomba mkubwa akiwa amefumbua mdomo, kabla hajasema ndiyo, na familia ya kijana ikaondoka imeamini tumewakataa. Tuliwafuata kwa pikipiki hadi karibu na Musonoi, mtaa wa kando ya migodi, kuwarudisha.

Wageni wanaokuja na kamera hupenda kuniambia kwamba ndani ya simu yangu kuna kobalti ya hapa kwetu. Wananiambia polepole, kama wanamwambia mtoto. Tunajua, wapendwa. Sisi tungependa kuelezwa kwa nini chaji haifiki jioni.

Sitaki mseme bibi alizichukia simu. Siku moja mama mmoja alikuja studio analia, mtoto wake amepotea sokoni. Nilikuwa bado natafuta miwani yangu wakati Patrick, mkurugenzi wetu kijana, alipoipiga kwa simu picha ya mtoto aliyoishika mama yule, akairusha kwenye vikundi, na kabla sijasafisha koo mtoto alikuwa ameonekana kwa muuza mikate. Nilimpongeza Patrick mbele ya wote. Moyoni niliona wivu, na sioni haya kusema.

Lakini kuna kazi moja simu haiijui, nayo ni kungoja. Sasa nifike kwa Trésor, kwa maana najua ndiye mnayetaka niseme habari zake.

Ilikuwa majira ya mvua. Asubuhi kuta za shimo moja la wachimbaji, mbele ya Musonoi, zilikuwa zimeporomoka. Tulipofungua studio, simu ya redio ilikuwa tayari inatetemeka juu ya meza bila kupumua. Ilikuwa ni picha za magunia yaliyofunika watu, na sauti za watu ninaowajua na nisiowajua, kila mmoja akitaja majina. Jina lililorudi mara nyingi lilikuwa la Trésor, mwana wa Mama Kapinga, muuza samaki wakavu wa Musonoi. Mjomba wake aliye Mbuji-Mayi alituma ujumbe wa sauti akilia na kuagiza tusome kifo hicho mchana huo, ili ukoo wote usikie. Mjomba alikuwa amekiona kwenye simu.

Patrick alisimama mlangoni na karatasi aliyokwisha kuichapa.

"Mama Odette, kurasa zote za Facebook zilisha kusema. Tunabakia nyuma."

"Nani alimuona?"

"Mji muzima!"

"Mji hauna macho, Patrick. Nani wa familia?"

Hakunijibu kwa ubaya. Alikaa, akashika kichwa. Alikuwa na redio ya kuendesha na wasikilizaji wanaopungua, na mimi nilikuwa mkaidi wa miguu.

Ndipo akaingia binti mmoja, kitenge kimelowa hadi magotini. Alikuwa Solange, dada yake Trésor. Ametembea kutoka Musonoi. Nilinyoosha mkono nipokee karatasi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, miguu imefika. Karatasi haikuwepo. Alikuja na ombi ambalo sikuwahi kuletewa.

"Mama, mi nataka mutangaze: Trésor iko muzima."

Akanionyesha simu yake. Chini ya jina la kaka yake kulikuwa na neno en ligne, yaani yuko hewani. Jumbe ambazo Solange alimtumia asubuhi zilikuwa na alama za bluu, zimesomwa. Mama yake alituma sauti kwa simu ya Solange, akimuuliza mwanawe kama amekula, na jibu lilikuwa limeandikwa: eeh. Alipopiga, sauti ya mwanamke ilimwambia kwamba Trésor yuko chini, atapanda.

"Banamuke ya mutaa balisha kuya kwetu," Solange akasema. "Beko inje, mu mvua. Mama anabakataza kuikala chini. Anasema redio haiyasema bado. Anafunga mulango, anangojea saa yako."

Mnajua maana ya kuketi chini kwetu. Wanawake wakishatandaza mikeka uani, kilio kimeanza, na hakuna njia ya kukiondoa. Mama yule asiye na simu ya kioo alikuwa amewazuia majirani wenye simu mikononi kwa kitu kimoja tu, nacho ni mimi. Nilikuwa na matangazo mawili juu ya meza, ya mtu mmoja, moja likimzika na moja likimfufua, na kwa kila moja kulikuwa na mtu anayeapa kwa simu yake. Nikisoma la mjomba na kijana akapanda kutoka shimoni, nimemuua mama yake bure. Nikisoma la Solange na ikawa uongo, nitakuwa nimempa mama tumaini kwa sauti yangu kisha nilinyang'anye kwa sauti hiyohiyo. Nikinyamaza, kimya changu nacho ni tangazo, kwa kuwa yule mama alikuwa anakisikiliza.

Nilizunguka meza. Nilitoka, nikarudi, nikasahau kilichonitoa nje. Mwishowe nikamwambia Patrick asome mwenyewe komunike nyingine za mchana, na la Trésor aliweke kando mpaka nirudi. Akauliza naenda wapi.

"Kuazima macho," nikamjibu, na nilitamani ningekuwa na uhakika niliokuwa nao sautini.

Tulipanda pikipiki moja, mimi na Solange nyuma ya dereva, malori ya mgodi yakituogesha matope. Njia nzima Solange alishika simu mbele ya uso wangu. "Angalia, mama, iko en ligne. Angalia tena." Niliangalia. Alikuwa en ligne.

Huko ukingoni mwa shimo kulikuwa na umati kimya. Chini walikuwa bado wanatoa udongo kwa sururu na mikono. Niliuliza wachimbaji simu zao wanaziweka wapi wakishuka, na mmoja akanionyesha hema la turubai. Chini ya shimo hakuna mawasiliano, na maji na mawe huvunja vioo, kwa hiyo kabla ya kushuka kila mmoja humwachia simu Mama Béa, anayewapikia bukari, ndio ugali wetu, na maharage. Yeye huzichaji kwa kipande cha paneli ya jua na kuzijibu zikilia, ili walio mbali wasihangaike. Ni desturi ya shimo lile. Hata wake wa Kasai wanamjua kwa sauti.

Solange hakuwa ametega sikio. Alikuwa amesimama hatua chache kutoka hemani, akipiga tena namba ya kaka yake. Na simu ikalia hapo mbele yetu.

Ilikuwa ndani ya beseni la plastiki, juu ya kitambaa, kati ya simu nyingine. Mwanamke mnene mwenye kitambaa cheusi kichwani aliinua mkono bila kutazama, kama mtu anayefukuza nzi, akaiweka sikioni.

"Allo. Eeh. Iko chini, ndugu yangu, atapanda."

Solange alisikia sentensi ile kwa masikio mawili, kutoka kwenye simu na kutoka kwenye hema. Aliishusha simu polepole. Mama Béa akainua uso, akatuona.

Sikumbuki nani aliongea kwanza. Nakumbuka nilimuuliza kama ni yeye aliyefungua jumbe.

"Njo mi," akasema. "Zinalia, zinalia. Ile ya bale balipanda, balikamata. Ile ingine zinabakia humu. Mama yake anauliza mutoto anakula. Mi njo nilikuwa namupikia kila siku. Ningejibu nini ingine?"

"Ulimuona?"

"Wakati balimutosha mu shimo. Nilimufunika na kitenge yangu, ya maua ya bluu. Balimupeleka ku morgue." Alijifuta uso kwa mkono wenye unga. "Mama, musinikasirikie. Nilisema nitasema kesho. Nilisema acha mama yake abakie na mutoto leo."

Sikumkasirikia. Nilitaka kumkasirikia, na hasira haikupata pa kushika. Alikuwa amefanya kazi niliyoifanya mimi maisha yangu yote, ya kumpa mtu wakati wa kukaa, ila yeye hakuwa na mwalimu wa kumwambia wakati huo unakwisha lini.

Solange hakulia. Alimwomba Mama Béa kitu kimoja: waende pamoja mochari, aone. Tukaenda. Kitenge kilikuwa cha maua ya bluu. Aliona, akatoka, akasimama mbele yangu, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu mimi ndiye niliyetazama viatu vyangu.

"Sasa nilimuona," akasema. "Lakini mi siwezi kumuambia mama. Njo weye anangojea."

Saa ya matangazo ilikuwa imeshapita. Ningeweza kurudi studio na kulisoma kwenye matangazo ya jioni, kama kawaida, familia kwanza, mahali, jina, mimi nimefungiwa ndani ya chumba cha mablanketi, na yule mama peke yake na kisanduku chake cha redio. Vijana, hiyo ndiyo sheria na mimi ndiye niliyewafundisha. Siku ile sikuiweza. Nilimwambia dereva atupeleke Musonoi, na Mama Béa akatufuata kwa pikipiki nyingine na simu ya Trésor.

Wanawake walikuwa bado wamesimama barabarani mbele ya nyumba, mwavuli kwa mwavuli, simu mikononi. Waliponiona wakapisha njia. Mlango ukafunguka kabla sijabisha. Mama Kapinga alikuwa mrefu, mkavu, redio ndogo imebanwa kwapani bado inaimba.

"Mama Komunike," akasema. "Nilisikia komunike ya saa sita. Haikukuwa sauti yako."

"Haikukuwa mi, mama."

"Na jina yake haikukuwa mu ile komunike."

"Haikukuwa."

"Basi iko muzima."

Akamtazama binti yake. Akamtazama Mama Béa, aliyekuwa ameikumbatia ile simu ndani ya kitambaa. Alimtazama muda mrefu, na nadhani aliitambua sauti yake kabla hajaisikia. Kisha akaizima redio, akaiweka chini juu ya kizingiti, akasimama wima.

"Usiniambie sawa jirani," akasema. "Sema sawa vile unasemaka ku redio."

Mimi nikasema. Nilisafisha koo kama niko mbele ya kipaza sauti, nikatazama ukuta, nikaanza: familia fulani, ya hapa Musonoi, yenye asili ya Kasai, ina huzuni ya kuwajulisha. Simu zilikuwa zimeinuliwa pande zote. Sikuwaambia wazishushe.

Video hiyo mnayo. Mmenitania nayo, mkiniita nyota. Mimi mwenyewe nilitumiwa na mtu wa kikundi cha kanisa asiyenitambua kwa mgongo, pamoja na ombi kwamba niisambaze kwa watu kumi ili nibarikiwe. Watu wa Kinshasa na Ulaya waliilia, wakaandika wanavyoandika. Lakini inakatika nilipotaja jina la Trésor, kwa maana hapo aliyekuwa anapiga picha naye aliangua kilio. Kwa hiyo mji mzima umeona tangazo lile na haujui lilivyoisha. Ndiyo sababu nimeandika.

Baada ya jina huja orodha ya wanaojulishwa. Ni walio mbali siku zote, kwa sababu wa karibu ndio waliolileta tangazo. Nikataja mjomba wa Mbuji-Mayi, shangazi wa Likasi, binamu wa Kasumbalesa, nikamaliza. Wanawake walikuwa wameshaanza kupiga magoti. Mama Kapinga akainua mkono, wakasita.

"Unataja bote," akaniambia. "Mi haukunitaja."

Nilitaka kumweleza kwamba mama wa marehemu hatajwi. Nilifungua mdomo nieleze. Alikuwa ananitazama tu, kama alivyonisikiliza miaka yote bila mimi kumwona.

"Bote balijua mbele yangu, mama. Ku simu. Mutaa muzima. Mi njo wa kuambiwa."

Nikasoma upya, kutoka mwanzo, bila haraka. Familia. Musonoi. Jina lake, mara mbili. Mjomba, shangazi, binamu. Halafu nikasema: ajulishwe pia Mama Kapinga, mama yake mzazi.

"Nasikia," akasema, na akaketi chini.